Kifo cha Adui Asiyeacha Maiti

Watazamaji wa sinema katika miji ya Pwani walizoea kuwagawa wahusika wa picha mafungu mawili: staringi na adui. Staringi hafi, hilo lilijulikana kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Adui naye hana budi afe, na hilo pia lilijulikana. Kilichobaki, na ndicho kilichowatoa watu majumbani mwao, ni kujua atakufa vipi. Adui aliyewatesa wanakijiji kwa saa tatu hakustahiki risasi moja ya haraka. Alistahiki kuporomoka kutoka genge refu, kuungua pamoja na kasri lake, au kulipuka na kisiwa chake kizima, huku ukumbi ukimshangilia kwa vifijo na miluzi.

Mapenzi hayo hayakuzaliwa na sinema. Msomaji wa tendi za kale za vita anajua jinsi mtunzi anavyompa jabari beti kadha wa kadha za kujigamba, akampa farasi, deraya na upanga, kisha akamwangusha kwa ubeti mmoja. Lakini picha zilizotawala kumbi za Unguja, Lamu na Mombasa kwa miongo mingi zilitoka India, na anayetaka kujua asili ya vifo hivi vya fahari hana budi aitafute huko. Huko mlango wake ni mmoja: Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi.

Ramayana ya Valmiki imetungwa kwa Kisanskriti, na wataalamu huiweka katika karne za mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa na za mwanzo baada yake. Ravana amemteka Sita, mke wa Rama, akamvusha bahari. Rama anamfuata kwa daraja lililojengwa na jeshi la nyani, na wanapokabiliana anamkata adui yake kichwa. Hapo hapo kinaota kingine. Anakata tena, kinaota tena, mpaka mwendesha gari lake la vita anamkumbusha silaha ya Brahma. Mshale mmoja unaingia kifuani, na Ravana anaanguka.

Hadithi wanayosimuliwa watoto huishia hapo. Ya Valmiki haiishii hapo, kwa kuwa amemwacha Ravana chini, na mtu aliyelala chini ni maiti, na maiti ina haki zake. Kwanza anakuja Vibhishana, mdogo wake marehemu, ambaye alimkimbia kaka yake akajiunga na Rama, naye analia. Kisha wanatoka wake za mfalme, na miongoni mwao Mandodari, mke mkuu, ambaye mtunzi anampa maombolezo marefu kuliko alivyompa Ravana nafasi ya kufa. Mandodari hamtakasi mumewe. Anamlilia na kumlaumu kwa pumzi moja, akimwambia kwamba aliyemwua ni matamanio yake mwenyewe. Vibhishana anapositasita kumfanyia mazishi mtu aliyetenda maovu makubwa kiasi hicho, ni Rama mwenyewe anayemtaka ayafanye, kwa hoja kwamba uadui umekatwa na mauti. Ravana anachomwa kwa heshima ya mfalme.

Karne nyingi baadaye, mnamo 1574, Tulsidas alianza kuitunga upya hadithi hiyo kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kaskazini, si ya wanazuoni peke yao. Mandodari bado analia katika utungo wake, lakini kifo chenyewe kimeongezwa ufundi. Ravana ameficha maji ya uhai kitovuni mwake, na Vibhishana anaitoboa siri hiyo. Rama anafyatua mishale 31: kumi ya vichwa, ishirini ya mikono, na mmoja wa kitovu. Hesabu hii si ya bure. Mtunzi anayehesabu mishale amekwishawaza macho ya watazamaji.

Na watazamaji walikuja. Utungo wa Tulsidas ndio uti wa mgongo wa Ramlila, michezo ya kuigiza inayochezwa kila mwaka kaskazini mwa India, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 na kuiingiza mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ramlila ya Ramnagar, ng'ambo ya mto Ganges kutoka Varanasi, huchukua karibu mwezi mzima, na watu huwafuata waigizaji kwa miguu kutoka mahali hadi mahali mpaka wafike Lanka. Kwingineko ni siku kumi tu, na kilele chake ni sikukuu ya Dussehra. Siku hiyo husimamishwa sanamu tatu ndefu kuliko nyumba: Ravana, ndugu yake Kumbhakarna na mwanawe Meghnad. Mifupa yao ni mianzi, ngozi yao ni karatasi za rangi, matumbo yao ni fataki. Katika mtaa wa Titarpur, magharibi ya Delhi, mafundi huzitengeneza kwa wingi kando ya barabara, vichwa vikipangwa huku na viwiliwili kule. Na katika baadhi ya miji ya kaskazini kazi hiyo imo mikononi mwa mafundi wa Kiislamu. Mshale wa moto unarushwa, utambi unashika, na kwa dakika chache jabari la Lanka linanguruma, linatoa cheche masikioni na machoni, kisha linabaki fito nyeusi zinazofuka moshi. Watu hupiga makofi na kurudi makwao na watoto mabegani.

Mandodari hana nafasi katika uwanja ule. Atalia juu ya nini? Fataki hazikuacha maiti. Hapa ndipo tofauti kati ya mshairi na fundi wa baruti inapoonekana. Mshairi humwua adui akabaki naye, akalazimika kuuliza azikwe vipi na nani amlilie. Fundi humwua adui kwa namna isiyobakisha swali. Mwangaza ule mkubwa unafanya kazi mbili: unapendeza, na unafuta.

Si India yote iliyokubali kufutiwa. Huko Mandsaur, katika Madhya Pradesh, Mandodari huhesabiwa binti wa mji, kwa hivyo Ravana ni mkwe, na mkwe hachomwi kwa vigelegele. Huko Bisrakh, kijiji kisicho mbali na Delhi kinachodai kuwa ndiko alikozaliwa, kwa desturi sanamu hazikuchomwa. Upande wa kusini jambo lilifika mbali zaidi. Tarehe 25 Desemba 1974, mjini Madras, wafuasi wa marehemu Periyar, wakiongozwa na mjane wake Maniammai, walichoma hadharani sanamu za Rama, Lakshmana na Sita. Kwao Ramayana ilikuwa hadithi ya watu wa kaskazini kuwadhalilisha watu wa kusini, na Ravana alikuwa wao. Mianzi ile ile na moto ule ule, ila adui amebadilishwa. Wenye mamlaka mjini Delhi hawakulipenda hata chembe tendo hilo, na kuchukia kwao ni ushahidi kwamba kifo cha adui, hata cha karatasi, si mchezo wa watoto.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja miezi minane baadaye, na haukuja viwanjani bali sinema.

Picha ya Sholay, jina ambalo maana yake ni makaa ya moto, ilitoka tarehe 15 Agosti 1975. Mwongozaji wake alikuwa Ramesh Sippy, na waliotunga hadithi ni Salim Khan na Javed Akhtar. Wengi wa Pwani hawahitaji kusimuliwa. Thakur Baldev Singh, aliyekuwa ofisa wa polisi, anawakodi wezi wawili, Jai na Veeru, wamkamatie jambazi Gabbar Singh. Gabbar aliwaua watu wa nyumba ya Thakur, kisha akamkata Thakur mwenyewe mikono yote miwili. Yapasa kukumbuka jinsi mauaji yale yalivyoonyeshwa. Thakur anarudi likizo akiwa na zawadi mikononi, anakuta maiti za watoto wake zimelazwa uani chini ya sanda, na upepo unazifunua moja baada ya moja. Picha hiyo haikuogopa maiti.

Mwisho uliotungwa na kupigwa ulikuwa huu. Thakur, asiye na mikono, anavaa viatu vyenye misumari chini ya soli. Anaiponda mikono ya Gabbar kwa miguu, kisha anamsukuma kwa teke hadi kwenye chuma kilichochomoza katika nguzo, zile zile ambazo Gabbar alimfungia siku ya kumkata. Gabbar anakufa. Na hapo Thakur, ambaye hakutoa chozi picha nzima, anaanguka kifuani mwa Veeru akilia kama mtoto. Kisasi kimekwisha, na pamoja nacho kimekwisha kila alichokuwa akiishi kwa ajili yake.

Watazamaji wa 1975 hawakuuona mwisho huo. Tarehe 25 Juni mwaka ule serikali ya Indira Gandhi ilikuwa imetangaza hali ya hatari, iliyodumu hadi Machi 1977. Bodi ya ukaguzi wa filamu ilikataa: ofisa wa polisi, hata aliyestaafu, hawezi kuonyeshwa akijichukulia sheria. Ikabidi mwisho upigwe upya. Thakur anainua mguu ili ammalize Gabbar, na papo hapo polisi wanatokea na kumkumbusha kwamba kuadhibu ni kazi ya sheria. Gabbar anafungwa pingu. Serikali iliyokuwa ikiwatia wapinzani wake gerezani bila ya kuwafikisha kwa hakimu ilisisitiza kwamba jambazi wa kubuni afikishwe kwa hakimu. Kejeli hiyo haihitaji kutiwa chumvi.

Mara nyingi husemwa kwamba wakaguzi waliikata damu. Kwa kweli kilichopotea zaidi ni chozi. Wakaguzi waliondoa mauaji, na mauaji yalipoondoka, kilio kilichokuwa kimefungamana nayo kiliondoka pia. Thakur wa mwisho wa pili ni mtu aliyezuiwa. Thakur wa mwisho wa kwanza ni mtu aliyepata alichokitaka akakiona kitupu. Huyu wa kwanza ndiye wa Valmiki.

Ama Gabbar, kwa kuachwa hai, alinawiri. Mazungumzo yake yaliuzwa kwenye sahani za santuri, na Amjad Khan, mwigizaji wake, akatumiwa kutangaza biskuti za watoto akiwa katika sura ile ile ya jambazi. Sholay ilikaa zaidi ya miaka mitano katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay.

Watengenezaji waliofuata hawakuhitaji kugombana na bodi. Njia nyepesi ilikuwepo tangu enzi ya Dussehra: mlipue adui, pasiwe na mwuaji wala mwuawa. Katika Mr. India ya 1987 Mogambo, aliyeigizwa na Amrish Puri, ana kisiwa chake, jeshi lake na makombora ya kuiangamiza India, na makombora hayo hayo yanamgeukia pamoja na kisiwa. Mwigizaji huyo alikuwa amekwishaliwa na mamba katika picha ya Marekani ya Indiana Jones ya 1984. Wachache katika fani hii walikufa kwa fahari kama yeye. Mwaka huo huo wa 1987 Ramayan ya Ramanand Sagar ilianza kuonyeshwa Jumapili asubuhi kwenye televisheni ya taifa ya India, na mishale ikapambana angani kwa miali ya rangi.

Wakati huo watoto walikuwa wamekwishapata adui wa aina nyingine, wa kuuliwa kwa kidole gumba. Katika Super Mario Bros., mchezo wa video wa Nintendo wa 1985, binti mfalme ametekwa na jitu lenye makombora mgongoni, Bowser, na mchezaji anakabiliana nalo darajani. Akilifikia shoka lililoko nyuma ya jitu, daraja linakatika na Bowser anatumbukia katika moto wa volkano. Katika ngome saba za mwanzo aliyekufa si Bowser wa kweli, bali kiumbe mdogo aliyejigeuza sura yake. Wa kweli yuko ngome ya nane. Mateka, daraja, mfalme wa kutisha asiyekwisha kwa pigo moja: hakuna sababu ya kudai kwamba watungaji wa Japani waliisoma Ramayana, lakini aliyeisoma hatajiona mgeni. Na maiti hakuna. Sababu moja ni ya kiufundi tu: mashine ile haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande 64 vya picha zinazotembea kwa wakati mmoja, hivyo aliyekufa alipaswa kuondoka ili kuwapisha walio hai. Mashine zilipopata nguvu zaidi desturi ilibaki. Adui mkuu huwaka, hutetema, hupasuka kwa nuru nyeupe, na sakafu inabaki safi.

Mwaka 2011 mikondo hii miwili ilikutana katika Ra.One ya Anubhav Sinha, ambayo hata jina lake ni mchezo wa neno Ravana. Mtoto wa mtunzi wa michezo ya video anawapenda maadui kuliko mastaringi, na baba yake, ili amfurahishe, anamtungia adui asiyeshindika. Adui anatoka mchezoni na kumwua baba. Mwishoni anajigawa kuwa kumi, na ni mmoja tu mwenye kivuli. Anapopigwa, anavunjika kuwa vipande vidogo vya mraba vinavyopeperuka. Picha hiyo ina kasoro nyingi, lakini ilijua kitu kimoja: mtoto aliyeomba adui wa kupendeza alipewa mazishi ya baba yake.

Tarehe 27 Juni 2025 Sholay iliyosafishwa na kurudishiwa mwisho wake wa kwanza ilionyeshwa usiku, hadharani, katika uwanja mkuu wa mji wa Bologna, Italia, wakati wa tamasha la filamu za kale. Hapo kabla mwisho huo ulikuwa ukizunguka katika nakala hafifu za kanda za video. Sanjeev Kumar, aliyekuwa Thakur, alifariki mwaka 1985, na Amjad Khan mwaka 1992. Juu ya pazia Gabbar alipigwa, akarudi nyuma hadi kwenye nguzo, akafa, akabaki pale pale alipofia. Na Thakur akamlalia Veeru kifuani akalia.