Uungwana wa Mshindwa: Filamu za Katuni na Malezi ya Watoto wa Chekechea

Ngano ya mashindano ya mbio baina ya sungura na kobe ni kongwe kuliko sinema, na kila jamii iliyoisimulia imeitolea hukumu yake. Katika masimulizi yanayonasibishwa na Aesop, kobe hushinda kwa ustahimilivu. Katika masimulizi mengi ya Kiafrika hushinda kwa hila: huwapanga jamaa zake kando ya njia, mmoja mbele ya mwingine, na mshindani wake hudhani kwamba ni kobe yule yule anayemtangulia kila afikapo. Mhakiki atakayesaka uungwana wa mchezo katika ngano hiyo ataambulia patupu. Hadhira yake haikuwa ikifundishwa kanuni za mashindano, bali namna mnyonge awezavyo kuishi miongoni mwa wenye nguvu.

Mnamo Januari 1935, kampuni ya Walt Disney ilitoa ngano hiyo kwa katuni ya rangi, The Tortoise and the Hare, iliyoongozwa na Wilfred Jackson na kutunukiwa tuzo ya Oscar. Max Hare anasimama njiani kuwaonyesha sungura wa kike umahiri wake katika tenisi na upigaji mishale. Toby Tortoise anampita na kushinda kwa kuirefusha shingo yake penye utepe. Majivuno yameadhibiwa. Lakini je, mshindwa anafanyiwa nini? Hafanyiwi lolote. Yeye ni kichekesho tu, na kicheko cha hadhira ndicho hukumu. Mtoto wa miaka minne aliyeshindwa mbio hapati humo neno la kumwambia mwenzake aliyeshinda, wala mshindi hapati la kumwambia yeye.

Wataalamu wa saikolojia walipoanza kulichunguza suala hili, walianza na ubaya. Mwaka 1963, Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watoto wa chekechea waliotazama filamu ya mtu aliyevalia kama paka wa katuni, akimpiga mwanasesere mkubwa, nao walielekea kumpiga. Miaka 10 baadaye, Lynette Friedrich na Aletha Stein walilinganisha watoto waliotazama katuni za Batman na Superman na wale waliotazama kipindi cha Mister Rogers' Neighborhood. Wa kundi la kwanza walipungukiwa na subira na utiifu wa kanuni. Wa kundi la pili walidumu zaidi katika kazi waliyopewa, wakafuata kanuni na kuvumilia kungoja. Yafaa ikumbukwe kwamba kipindi cha Fred Rogers hakikuwa katuni. Kilikuwa mtu mzima anayezungumza polepole na mtoto mmoja, japo watazamaji ni maelfu.

Tofauti hiyo ni ya kifani, na hapa uhakiki wa fasihi una la kuwaambia wanasaikolojia. Msuko wa hadithi ya mafunzo umezoeleka: kosa huchukua sehemu kubwa ya hadithi, toba huja mwishoni kwa haraka. Mtu mzima huusoma mwisho huo kuwa ufunguo wa yote yaliyotangulia. Mtoto hasomi hivyo. Marie-Louise Mares na Emily Acosta, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, waliwaonyesha watoto wa chekechea kipindi cha katuni za Clifford ambamo mbwa wanamwogopa mwenzao mwenye miguu mitatu, kisha wanampokea. Dhamira ilikuwa kuwakubali walio tofauti. Watoto wengi walidhani kwamba wanafundishwa kuwatendea wema mbwa wa miguu mitatu. Istiari iliwapita, nao hawakuwa na kosa.

Ndiyo maana Daniel Tiger's Neighborhood, katuni iliyozaliwa mwaka 2012 kutokana na mwanasesere wa Rogers, haiyaachi mafunzo yake mikononi mwa istiari. Funzo huimbwa kwa kibwagizo kifupi, kikarudiwa mara nyingi ndani ya tukio lenyewe. Mbinu ambayo fanani wa ngano zetu aliijua tangu zamani. Katuni ya Australia, Bluey, imekwenda njia nyingine. Katika sehemu ya mwaka 2021 iitwayo Pass the Parcel, baba mmoja anakataa mtindo wa kumpa kila mtoto zawadi na kurudisha kanuni ya zamani: furushi moja, zawadi moja. Watoto wanalia. Sherehe inafuata sherehe, Bingo anashindwa tena na tena, na kushindwa kwake ndiko kunakoubeba msuko, si pambo la kuchekesha. Kushindwa kumepewa muda, jambo ambalo Max Hare hakupewa.

Hata hivyo, muda wa kwenye skrini hautoshi. Uchunguzi wa Eric Rasmussen na wenzake wa mwaka 2016 kuhusu Daniel Tiger ulionyesha kwamba huruma iliongezeka kwa watoto ambao wazazi wao huzungumza nao mara kwa mara kuhusu yanayotazamwa. Fanani wa jioni alikuwa akiziona nyuso za wasikilizaji wake. Palipotatizika, alirudia, au mtoto alimkatiza kwa swali. Katuni haikatizwi, ila kama kuna mtu aliyeketi kando ya mtoto.