Bessie Smith, Malkia wa Bluzi

Bessie Smith alizaliwa Chattanooga, katika jimbo la Tennessee kusini mwa Marekani, kwenye familia maskini ya Wamarekani Weusi. Tarehe ya kuzaliwa inayotajwa zaidi ni 15 Aprili 1894. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akalelewa na dada yake mkubwa, Viola. Ili nyumbani pasikose chakula, Bessie aliimba na kucheza barabarani huku kaka yake Andrew akipiga gitaa, na wapita njia wakiwatupia senti. Huko ndiko alikojifunza kuimba akasikika mbali bila chombo chochote cha kukuza sauti.

Mwaka 1912 alijiunga na kundi la wasanii wa kuzunguka. Aliajiriwa kama mchezaji, kwani kundi lilikuwa na mwimbaji wake tayari: Ma Rainey, mmoja wa wanawake wa mwanzo kupeleka bluzi jukwaani. Baadaye Bessie alishika njia yake mwenyewe, akazunguka miaka mingi katika mahema na kumbi za watu weusi, hasa mjini Atlanta.

Bluzi ilichipuka miongoni mwa wazao wa watumwa wa kusini. Ubeti wake wa kawaida una mistari mitatu: wa kwanza hutoa jambo, wa pili hulirudia, wa tatu hulijibu. Katika nafasi hiyo finyu Bessie alionyesha ubingwa wake. Alitumia noti chache, akazipinda na kuziteremsha polepole. Alivuta pumzi mahali ambapo msikilizaji hakutarajia, hata mstari uliorudiwa ukabeba maana mpya. Na kila neno lilisikika waziwazi.

Mwaka 1920 santuri ya bluzi ya mwimbaji mweusi Mamie Smith, ambaye hakuwa ndugu yake, iliuzwa kwa wingi na kuyafungua macho makampuni ya santuri kwamba watu weusi walikuwa wanunuzi. Februari 1923 kampuni ya Columbia ilimwita Bessie New York. Siku ya kwanza haikuzaa wimbo wa kuuzwa. Siku ya pili alirekodi "Downhearted Blues", utunzi wa Alberta Hunter na Lovie Austin. Santuri hiyo ilinunuliwa na mamia ya maelfu ya watu.

Tarehe 14 Januari 1925 alirekodi "St. Louis Blues" ya W. C. Handy pamoja na Louis Armstrong. Vyombo ni viwili tu: harmoniamu inayovuta sauti ndefu chini, na koneti ya Armstrong inayoitikia kila mstari Bessie anapotua. Ni mazungumzo ya watu wawili wanaopokezana neno bila kukatizana.

Faida kubwa ya santuri hizo haikumfikia. Columbia ilimlipa kiasi maalumu kwa kila wimbo, bila mrabaha. Riziki yake kuu ilitoka jukwaani, ambako alikuwa miongoni mwa wasanii weusi waliolipwa vizuri zaidi. Mwaka 1925 alinunua behewa lake la reli. Kundi lake lililala humo na kusafiri bila kuhangaika na hoteli za kusini zilizowakataa watu weusi.

Mwaka 1929 aliigiza katika filamu fupi yenye sauti, "St. Louis Blues". Kisha mdororo wa uchumi ulilivunja soko la santuri, na mwaka 1931 Columbia ikaachana naye. Alirekodi mara ya mwisho mwaka 1933, chini ya usimamizi wa mtayarishaji John Hammond.

Alfajiri ya 26 Septemba 1937, gari alilopanda liligonga lori katika Barabara Kuu ya 61, Mississippi. Alifia katika hospitali ya watu weusi mjini Clarksdale. Ilivuma kwamba hospitali ya wazungu ilikataa kumpokea. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa hakupelekwa huko kamwe. Hata hivyo, ubaguzi uliokuwapo uliufanya uvumi huo uaminike kwa miaka mingi.

Maelfu walihudhuria mazishi yake Philadelphia, lakini kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1970, walipolilipia mwimbaji Janis Joplin na Juanita Green, ambaye utotoni mwake aliwahi kumfanyia Bessie kazi za nyumbani. Santuri zake zilikuwa zimekwisha kufunza wengine: Billie Holiday na Mahalia Jackson wote walikua wakizisikiliza, mmoja akaupeleka ujuzi huo kwenye jazi na mwingine kwenye nyimbo za injili.