Daraja la Nyali: Neno na Umbo Lake

Neno daraja Waswahili walilipata kwa Waarabu, lakini hawakulipokea lilivyo. Kwa Kiarabu neno hilo ni kidato au cheo. Cha kuvukia maji Waarabu hukiita jisri au kantara. Kiswahili kilihifadhi maana ya cheo, kikaongeza ya kivukio, na leo hii ya pili ndiyo ituingiayo akilini kwanza.

Umbo la kivukio nalo lina historia yake. Katika nchi nyingi za mito, mfano mashuhuri wa daraja ni tao la mawe. Mawe ya tao hukazana kwa uzito wao wenyewe na kusukuma kingo za pande mbili. Bila kingo imara, tao huanguka. Mafundi wa pwani walilijua tao vyema, kama mihirabu ya misikiti yao ishuhudiavyo. Lakini hori ya Tudor, itenganishayo kisiwa cha Mombasa na bara ya Kisauni, si mto. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hupita mita 3.

Kwa hiyo daraja la Nyali la mwaka 1931 halikuwa na tao. Lilielea juu ya maboya, likipanda na kushuka pamoja na maji. Kampuni iliyolimiliki ilitoza ushuru wa kuvuka, na ubishi ukazuka iwapo magari ya jeshi nayo yalipe. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani mjini London. Mwaka 1955 Jaji Denning alifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni: waweza kupandikizwa Afrika, ila hauwezi kutazamiwa kumea kama ulivyomea kwao, na wahitaji kutunzwa.

Mwaka 1980 daraja la kuelea liliondokewa na la zege, ambalo upana wake mkuu kati ya nguzo ni mita 150, pasipo tao wala boya. Watu waliendelea kuliita daraja.

Hapa pana funzo kwa watungaji wa istilahi. Neno la kigeni lisikataliwe kwa kuwa limeiacha maana ya kwao, wala lisilazimishwe kuirudia. Lipimwe kwa kazi lifanyayo katika vinywa vya wenyeji, kama daraja lipimwavyo kwa maji lililojengwa juu yake.