Kihisi Mwinamo: Istilahi na Kazi Yake Ukutani

Kihisi mwinamo ni kifaa kidogo kinachofungwa ukutani ili kupima pembe iliyopo kati ya ukuta huo na mstari wa wima, yaani mstari unaofuata mvutano wa dunia, na kutoa taarifa kila pembe hiyo inapobadilika. Kazi hiyo si ngeni kwa waashi, ambao tangu zamani wamekagua wima wa kuta kwa kupiga timazi. Kilicho kipya ni kwamba kihisi hubaki mahali pake usiku na mchana, kwa miezi au hata miaka, kikitambua mabadiliko madogo mno ambayo jicho la fundi haliwezi kuyaona.

Neno kihisi, lililoundwa kutokana na kitenzi hisi kwa kiambishi ki- kinachotaja ala, limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya fizikia na elektroniki. Neno la pili ndilo linalostahili kulindwa. Mwandishi anaweza kushawishika kukiita kifaa hiki kihisi mwendo, lakini jina hilo tayari ni la vifaa vinavyowasha taa mtu anapopita, na zaidi ya hayo linaahidi jambo ambalo kifaa hakiwezi kulitimiza. Ukuta unaweza kudidimia wima kwa sentimita kadhaa, au kusogea wote kwa pamoja, bila pembe yake kubadilika, na kihisi kisitoe dalili yoyote. Mwinamo, kutoka inama, hutaja pembe peke yake, na pembe ndiyo inayopimwa.

Ndani ya aina ya zamani mna kichupa cha kioo chenye kioevu kinachopitisha umeme na kiputo cha hewa. Kichupa kinapoinama, kioevu hufunika elektrodi moja kuliko nyingine, ukinzani wa umeme hubadilika, na badiliko hilo hutafsiriwa kuwa pembe. Kwa hakika hiyo ni pimamaji inayosomwa kwa umeme. Aina inayotumika zaidi sasa ina chipu ya silikoni ambamo tungamo dogo sana limening'inizwa kwa springi nyembamba, nalo husogea kidogo chipu inapoinama.

Ubora wa vipimo hutegemea ufungaji kuliko bei ya kifaa. Kihisi kikifungwa juu ya lipu iliyoachana na jiwe, kitapima mienendo ya lipu. Kwa hiyo fundi makini hutoboa hadi afikie jiwe au tofali gumu, hukaza kishikio cha chuma, na huhakikisha kwamba hakuna kinachocheza kabla ya kusoma namba ya kwanza. Hata hapo, jua la asubuhi hupasha uso wa nje wa ukuta unaotazama mashariki, uso huo hutanuka kuliko wa ndani, na ukuta hupinda kidogo kisha hurudi unapopoa. Ndiyo maana joto hupimwa pamoja na pembe, na vipimo vya awali hukusanywa kwa wiki kadhaa kabla ya kazi ya kuchimba au kubomoa jirani kuanza, ili badiliko la kila siku litenganishwe na lile lisilorudi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kutafsiri namba. Ukuta wa mita 4 ukigeuka kutoka kwenye kitako chake kama ubao mgumu, badiliko la digrii 0.1 humaanisha kwamba kilele kimesogea milimita 7 hivi. Kuta kongwe, hata hivyo, mara nyingi hazigeuki hivyo, bali hutoa tumbo: sehemu ya chini huinamia nje, sehemu ya juu hurudi ndani, na pale tumbo lilipo kubwa kabisa uso wa ukuta huwa umesimama wima. Kihisi kilichofungwa mahali hapo kitaonyesha sifuri wakati hatari imeshakuwa kubwa. Kwa hiyo vihisi hufungwa kadhaa kutoka chini hadi juu, na husomwa sambamba na vipimo vya nyufa na vya kudidimia kwa msingi.

Mnara wa Pisa nchini Italia huonyesha vyema kwamba badiliko la mwinamo lina uzito kuliko mwinamo wenyewe. Mnara huo, ulioanza kujengwa mwaka 1173, ulifungwa kwa wageni Januari 1990 ukiwa umeinama kwa digrii 5.5 hivi, lakini kilichowatia wahandisi hofu ni kwamba uliendelea kuinama kwa takriban sekunde 6 za pembe kila mwaka, sekunde moja ikiwa sehemu ya 3,600 ya digrii. Upimaji wa muda mrefu, uliohusisha mnara na msingi wake pamoja, ulidhihirisha kwamba upande wa kaskazini wa msingi ulikuwa ukipanda, na ugunduzi huo ndio uliowezesha kuwekwa kwa vizito vya risasi upande huo mwaka 1993. Septemba 1995, ardhi ilipogandishwa ili kuandaa kazi nyingine, mnara ulianza kuinama kwa kasi, vipimo vikaonya mapema, na risasi zaidi ikaongezwa haraka. Baadaye udongo uliondolewa kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, mwinamo ukapungua kwa nusu digrii, na mnara ukafunguliwa tena Desemba 2001.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kuta zinazohitaji uangalizi wa namna hii. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020, nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko zinazobeba sakafu ndizo pia zinazozishikilia kuta zisiachane. Maji ya mvua yakipenya darini, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta, ambako hazionekani, na ukuta uliopoteza mshiko huo huanza kuinamia nje taratibu. Katika nyumba za aina hiyo, mahali pa kwanza pa kufunga kihisi mwinamo ni chini kidogo ya mstari wa ncha za boriti, kwenye jiwe lenyewe, na pa pili ni karibu na kitako cha ukuta huohuo.