Prabha Atre: Mwimbaji aliyeitetea sargam kwa sauti na kalamu

JINA la Dk. Prabha Atre, mwimbaji wa muziki wa jadi wa Kihindustani aliyefariki dunia Januari 13, 2024 mjini Pune, India, akiwa na umri wa miaka 91, halitenganishwi na sargam. Huo ni mtindo wa kuimba majina ya sauti zenyewe, yaani sa, re, ga, ma, pa, dha, ni, mahali pa maneno ya wimbo.

Wanakwaya wetu wanaofundishwa kwa do, re, mi hawatashangaa kusikia kwamba wahafidhina waliiona sargam kuwa zoezi la darasani tu, lisilostahili jukwaa. Atre aliitumia jukwaani kwa wingi, kisha akaifanyia utafiti uliompatia shahada ya udaktari. Kwake yeye, silabi hizo zilikuwa na uwezo wa kubeba hisia kama maneno yoyote.

Alizaliwa Pune Septemba 13, 1932. Nyumbani kwao hapakuwa na wanamuziki. Mama yake alipokuwa mgonjwa alishauriwa ajifunze kuimba ili apate nafuu. Mama akaacha baada ya masomo machache, lakini binti, aliyekuwa na umri wa miaka minane, akaendelea.

Walimu wake wakubwa walikuwa Sureshbabu Mane na dada yake, Hirabai Badodekar, watoto wa Abdul Karim Khan, nguzo ya mkondo wa Kirana unaosifika kwa kuifunua raga polepole, sauti moja baada ya nyingine. Athari ya Amir Khan nayo ilijitokeza wazi katika uimbaji wake. Pamoja na hayo alihitimu shahada za sayansi na sheria, jambo lisilo la kawaida kwa waimbaji wa kizazi chake.

Alifanya kazi katika Redio ya Taifa ya India, kisha akawa profesa na mkuu wa idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha SNDT, Mumbai. Alitunga nyimbo zake mwenyewe, zikiwamo zile za raga Maru Bihag na Kalavati zilizompatia umaarufu, na mwaka 2016 vitabu vyake 11 vilizinduliwa kwa mpigo mjini New Delhi.

Serikali ilimtunuku Padma Shri mwaka 1990, Padma Bhushan mwaka 2002 na Padma Vibhushan mwaka 2022. Siku aliyofariki, alikuwa akitarajiwa kuimba Mumbai.