Maskuti wa parokia yetu na bendera za inchi



Komite ya Yubilei ilituomba kuandika kurasa chache juu ya vijana wa parokia. Tulidhani kazi ni nyepesi: kutaja makundi, kuhesabu kampi, kuwashukuru mapadri walioyasimamia, na kumaliza. Lakini tulipokwenda kuwauliza wazee, mmoja wao aliyekuwa skuti mbele ya uhuru alitujibu kwa kuuliza: « Mwalimu, mtaandika kwamba tulisalimu bendera gani? » Tulicheka kidogo. Kisha tukanyamaza, maana mzee huyu, bila kuhama parokia hii ya Katanga, amesimama mbele ya bendera sita za namna mbalimbali, tusipohesabu zile zilizoondoka na kurudi. Na kila moja aliambiwa kwamba ndiyo ya siku zote. Kwa hiyo tumeacha kuhesabu kampi, na tunafuata swali lake.

Uskuti haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1907 jemadari Mwingereza Robert Baden-Powell, yule ambaye alikuja kufa na kuzikwa Nyeri, katika Kenya, mwaka 1941, aliwapeleka vijana wapata ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea kulala katika hema na kujifunza maisha ya porini. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake, na humo mlikuwa na ahadi ya skuti: kumtumikia Mungu na mfalme, kuwasaidia wengine, kushika sheria ya skuti. Vidole vitatu ambavyo skuti anainua akisalimu vinakumbusha sehemu hizo tatu.

Neno « mfalme » ndilo lililoleta kazi. Kila taifa lililopokea uskuti lilipashwa kuondoa mfalme wa Uingereza na kuweka mkubwa wake au inchi yake. Wakatoliki nao walikuwa na neno lao. Wengi kati yao waliuogopa uskuti mwanzoni, kwa kuwa ulitoka kwa Waprotestanti, hata mapadri kama Jacques Sevin, Myezuiti wa Ufaransa, walipouonyesha kwamba unaweza kuwa shule ya Injili. Katika kundi la Scouts de France, lililoanzishwa mwaka 1920, skuti aliahidi kumtumikia Mungu, Eklezya na inchi yake. Ndiyo ahadi ambayo wamisionari Wabelgiji walikuja nayo hapa kwetu, kwa lugha ya Kifaransa, mbele ya vita kuu ya pili na nyuma yake.

Lakini mtoto mweusi wa Katanga aliyeinua vidole vitatu mwaka 1958, aliahidi kutumikia inchi gani?

Mzee wetu alitueleza bila haya. Ahadi aliijua kwa moyo kama sala, lakini Kifaransa chake kilikuwa bado kidogo. Aliposikia neno « Patrie » alidhani ni « padri ». Basi aliahidi kumtumikia Mungu, Eklezya na Padri, na kwa miaka miwili alifanya hivyo kwa bidii kubwa, akichota maji ya misioni na kufagia uwanja. Tulicheka pamoja naye mpaka machozi. Lakini tukiwaza vema, kosa lake lilikuwa na ukweli. Bendera zilizopandishwa mbele yake zilikuwa mbili: ile ya Ubelgiji, nyeusi, manjano na nyekundu, na ile ya buluu yenye nyota moja ya manjano. Hii ya nyota ilikuwa bendera ya Kongo ya mfalme Leopold II tangu 1885, na chini yake watu wa misitu ya Ekwateri walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Ubelgiji ulipoitwaa Kongo mwaka 1908, uliiacha nyota mahali pake. Hakuna mzazi wa mzee wetu aliyeulizwa kama anaipenda. Tunasema haya pasipo kuwadharau wamisionari, ambao walitupa mengi. Lakini yubilei isiyosema kweli ni karamu tu.

Na hata hivyo alijifunza kitu. Katika kampi vijana walikata mti mrefu wenyewe, wakautoa magome, wakausimamisha, wakafunga kamba kwa mafundo waliyofundishwa. Asubuhi walisimama katika nusu duara, kofia mkononi. Wawili walishika kamba. Bendera ilipanda upesi, na jioni ilishuka polepole. Haikugusa ardhi. Siku moja, kamba ilimponyoka mzee wetu, na bendera ikaanguka katika matope ya mwezi wa pili. Alingojea fimbo. Shefu wake hakumpiga, alimwambia aifue. Aliipeleka nyumbani, akaifua kwa sabuni ya mama yake, akainyosha kwa pasi ya makaa, akairudisha kesho yake imekunjwa vizuri. Wenzake wa patruli walimngojea kwenye mlingoti, na hakuna aliyemcheka.

Mikono hiyo iliyozoea ndiyo iliyopata taabu mwaka 1960. Tarehe 30 Juni bendera mpya ilipanda: ya buluu, nyota kubwa katikati na nyota sita ndogo karibu na mlingoti, kwa ajili ya mikoa sita ya wakati ule. Kwa mara ya kwanza shefu alieleza kwa Kiswahili maana ya « Patrie », na mzee wetu akatambua kwamba Padri siye. Furaha hiyo haikumaliza majuma mawili. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na mwaka ule ule ikapandishwa bendera nyekundu, nyeupe na kijani yenye misalaba mitatu midogo ya shaba. Watoto wale wale, mlingoti ule ule.

Hapa tunaandika polepole, maana wengine waliokuwa pande zote mbili wangali wanapiga magoti pamoja katika kanisa letu. Katika patruli ya mzee wetu walikuwa vijana wanane. Watatu walikuwa Baluba. Mwaka 1961, hofu ilipowazidi watu, maelfu ya Baluba walikimbilia kampi ya wakimbizi ndani ya Elisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, na wale watatu walikwenda na wazazi wao. Jumamosi moja patruli iliitwa kusalimu bendera. Walisimama watano, na kama desturi ya maskuti waliacha wazi mafasi za wasiokuwapo. Hakuna aliyewaagiza. Mkubwa mmoja aliyekuja kutazama aliuliza kwa nini mstari una matundu. Shefu akajibu kwamba wengine ni wagonjwa. Wawili kati ya wale watatu hawakuonekana tena katika parokia.

Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Mwaka ule Kongo ilipata bendera nyingine tena, buluu yenye mstari mwekundu uliopita kwa kukingama, na wekundu ulikuwa damu ya waliokufa kwa ajili ya umoja. Mzee wetu, ambaye sasa alikuwa shefu, anasema kwamba hiyo ndiyo ya kwanza aliyoisalimu bila kuuliza.

Miaka ya Zaire ilileta shida ya namna nyingine. Mwishoni mwa 1971 inchi ilibadilisha jina na bendera. Ilikuwa kijani, na katikati mkono ulioshika mwenge, mwenge ule ule uliokuwa alama ya chama cha MPR. Mpaka hapo skuti aliweza kuheshimu inchi pasipo kuwa mtu wa chama. Sasa vitu viwili vilishonwa katika kitambaa kimoja, na mwaka 1974 katiba ikasema kwamba kila Mzairwa ni mwana-MPR. Mwaka 1972, katika ugomvi juu ya majina ya ubatizo uliomfanya Kardinali Malula akae miezi kadhaa Roma, makundi ya vijana ya Eklezya yalikatazwa. Ilibaki JMPR peke yake. Fulari zilikwenda chini ya magodoro. Mashefu wengine waliingia JMPR, na huko walifundisha mwendo na mafundo waliyoyajua. Hatuwahukumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Mzee wetu alirudi kwenye cherehani yake. Aliendelea kusimama bendera ikipanda, lakini nyimbo za kumsifu mkubwa wa inchi hakuziimba, akisema kifua kinamuuma. Katekista wa wakati ule aliwafundisha watoto kwamba kuheshimu si kuabudu. Alilisema neno hili chini ya mti, kwa sababu mwisho wa 1974 serikali ilitwaa shule, na somo la dini likatolewa darasani hata mapatano ya 1977.

Tena tukumbuke jambo moja ambalo vijana hawalijui: maneno ya wimbo wa taifa wa 1960, na ya ule wa Zaire pia, yaliandikwa na Myezuiti mmoja, Simon-Pierre Boka. Wa kwanza ulirudi mwaka 1997.

Mwaka huo sisi tulikuwa seminari ndogo. Tulikuwa tumezaliwa chini ya mwenge, hatukujua bendera nyingine. Aprili askari wa AFDL waliingia Lubumbashi, na baadaye tuliambiwa kupandisha bendera ya nyota sita. Hakuna aliyekuwa nayo. Padri mkubwa alimwita fundi wa cherehani wa parokia, naye alikuwa mzee wetu. Alikata nyota za manjano katika nguo kuukuu za koro, akazipanga bila kutazama picha yoyote. Sisi vijana tulitaka kuichoma ile ya kijani; kiberiti kilikuwa tayari. Mzee alitunyang'anya. « Katika miaka ya bendera hii nilioa, nilizaa, na nilizika watoto wawili, » alisema. « Haichomwi. » Alimwita mmoja wetu kushika ncha ya pili, akatuonyesha kuikunja. Tulikuwa na hasira naye siku nyingi.

Bendera ya leo ni ya katiba ya 2006: buluu ya mbingu, nyota ya manjano juu karibu na mlingoti, mstari mwekundu wenye kingo za manjano. Mkiona nyota iko chini, imefungwa kinyume. Tumeiona hivyo kwenye mlango wa ofisi moja ya serikali, imepasuka na kuchakaa, na karibu yake askari akiwatoza faini wapita njia ambao hawakusimama filimbi ilipolia. Mzee alikwenda kuwaambia. Walimfukuza. Alirudi juma lililofuata na sindano na uzi.

Siku ya Yubilei watoto wadogo wa maskuti watapandisha bendera mbele ya Misa, na watatoa ahadi yao kwa Kiswahili. Komite ilibishana kama zile bendera za zamani, ambazo mzee amezihifadhi katika sanduku, zionyeshwe katika ukumbi. Imekubaliwa zionyeshwe zote, na ya Katanga vilevile, zikiwa zimekunjwa. Miguu ya mzee haina nguvu tena. Tutamwekea kiti karibu na mlingoti. Yeye ameuliza tu kama kamba ni mpya.