Kwa nini mpira hupasuka mchezoni, na namna ya kuufanya udumu

Masasi na Newala, kiangazi ndicho msimu wa soka. Mavuno ya chakula yakishaingia ghalani, mashindano ya vijiji huanza. Timu nyingi huwa na mpira mmoja tu, ulionunuliwa kwa michango. Ukipasuka katikati ya msimu, mazoezi yanasimama na vijana wanarudi kwenye mpira wa matambara.

Wengi humlaumu mpiga shuti. Lakini mara nyingi shuti ni pigo la mwisho tu. Mpira huwa umeshachoka siku nyingi kwa sababu ya upepo, jua na uwanja. Katika makala hii tunaeleza jinsi hilo linavyotokea na namna ya kulizuia.

Mpira umetengenezwaje?

Mpira wa namba 5 kwa kawaida una sehemu tatu. Ndani kuna bladda inayoshika upepo. Katikati kuna matabaka ya nguo. Nje kuna vipande vya ngozi bandia vilivyoshonwa au kugundishwa. Bladda huzuia upepo usitoke. Nguo na mishono huzuia bladda isivimbe kupita kiasi. Mshono mmoja ukiachia, bladda hutokeza hapo kama jipu. Mpira wenye jipu hauna siku nyingi.

Upepo kupita kiasi

Sheria ya 2 ya soka inataka mpira wenye mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450, na presha ya 0.6 hadi 1.1 za angahewa. Presha hiyo ni ndogo kuliko ya tairi la baiskeli. Ndiyo maana pampu ya baiskeli ikitumiwa bila kipimo hupitiliza haraka, na mishono huanza kuvutika kabla mchezo haujaanza.

Joto huongeza tatizo. Tuseme mmejaza mpira asubuhi ya baridi, nyuzi 20, kwa presha ya 0.8. Ukiachwa juani hadi upepo wa ndani ufike nyuzi 50, presha inakaribia 1.0 bila mtu kuongeza chochote. Kama asubuhi ulishajazwa hadi 1.1, mchana umeshapita kiwango.

Uwanja na jua

Masasi ni nchi ya vilima vya mawe, na mchanga wenye chembe kubwa hukwangua mpira kama msasa. Ngozi ya nje ikiisha, nyuzi za mshono hubaki wazi na kukatika moja moja. Kwenye viwanja vya mchanga vya Newala, hatari kubwa ni visiki, miiba ya mbigili na vijiti vya mikorosho vilivyokauka. Mwiba hutoboa hadi bladda, na wakati mwingine mpira huisha upepo polepole usiku kucha.

Jua nalo hukausha ngozi ya plastiki ya mipira ya bei nafuu. Hupoteza ulaini, hukakamaa, kisha hupata nyufa. Mpira wa namna hiyo unaweza kupasuka hata kwa pasi ya kawaida.

Hata mipira ya gharama haijasalimika. Fainali za Kombe la FA la Uingereza za mwaka 1946 na 1947 zote zilishuhudia mpira ukipasuka. Na Juni 2016, kwenye Kombe la Ulaya, mpira ulipasuka pale wachezaji wawili wa Uswisi na Ufaransa walipougombania.

Ukipasuka langoni, ni goli?

Hapa ndipo ugomvi huzuka. Sheria ni hii: mpira ukiharibika ukiwa mchezoni, mwamuzi husimamisha mchezo na kuanza tena kwa kudondosha mpira mwingine. Ukipasuka kabla haujavuka wote mstari wa goli, si goli, hata kama mabaki yake yameingia wavuni. Kama ulikuwa ndani ya eneo la penalti, hudondoshewa golikipa. Ukipasuka baada ya kuvuka wote, goli ni halali. Penalti ikipigwa na mpira ukapasuka ukielekea golini kabla ya kugusa mchezaji, mwamba au nguzo, inarudiwa.

Gofu wana kanuni inayofanana: mpira ukivunjika vipande kwa pigo, pigo hilo halihesabiwi na mchezaji hurudia. Viongozi wa timu wakikumbushana sheria hii kabla ya mechi, watapunguza ugomvi.

Namna ya kuutunza

• Lowesha sindano ya pampu kwa mate au gliserini kabla ya kuichomeka. Usitumie mafuta ya taa wala ya injini, huharibu bladda.

• Kama hamna kipimo, dondosha mpira kutoka juu ya fremu ya mlango, kama mita 2, kwenye sakafu ya saruji. Ukirudi karibu na usawa wa kifua unatosha. Ukirudi juu sana ya kifua, punguza upepo.

• Baada ya mchezo punguza upepo kidogo, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na uhifadhi mpira kivulini.

• Usiukalie mpira, wala usiupige ukutani kwenye saruji chakavu.

• Kutafuta tundu hakuhitaji ndoo ya maji, ambayo Newala ni mali. Paka povu la sabuni. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu.

• Mshono ukianza kuachia, mpelekeeni fundi viatu siku hiyo hiyo, akiwa ametoa upepo kwanza ili sindano isiguse bladda.

• Kabla ya mazoezi, wachezaji wote watembee uwanjani kwa mstari mmoja wakiokota miiba, mawe na vijiti. Ni kazi ya dakika chache, na miguu isiyo na viatu nayo itapona.